Kichocho Hakiponi kwa Kidonge Peke Yake

Ndugu zangu mnaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, na ninyi wa mito na mabwawa kwingineko, nina neno nanyi juu ya kichocho.

Siku ya kumeza dawa inapofika, watoto wetu wa shule za msingi hupangwa foleni, hupimwa kimo kwa ubao wenye alama, na kila mmoja hupewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya urefu wake. Kazi hiyo ni njema, na waifanyao wanastahili shukrani. Dawa yenyewe ni salama, nayo huua minyoo iliyokomaa mwilini. Lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto aliyemeza leo akienda kesho mchana kuoga mwaloni alipozoea, ameanza upya. Ndiyo maana huko Ukerewe, Kome na vijiji vingi vya ufukweni dawa imegawiwa miaka nenda miaka rudi, na kichocho kingalipo. Kutibu mwili na kuyasahau maji ni kuchota maji mtumbwini huku tundu liko wazi.

Tuufuate ugonjwa huu njia yake yote, maana siri yake imo njiani. Yai la mnyoo hutoka kwa haja kubwa au kwa mkojo, kutegemea aina ya kichocho. Likifika majini hupasuka, na kijidudu kilichomo hutafuta konokono wa jamii fulani. Kisipompata upesi, hufa. Kikimpata, huzaliana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa vijidudu kwa maelfu humwagika majini, hasa jua linapokuwa kali, saa zile zile akina mama wanapofua na watoto wanapoogelea. Hupenya ngozi bila hodi. Mwilini minyoo huishi miaka mingi, na mayai yake huharibu ini, kibofu na viungo vya uzazi vya wanawake. Aliyewahi kumuuguza mtu ambaye tumbo limejaa maji na anatapika damu hahitaji kusimuliwa zaidi.

Angalieni basi: mgonjwa hamwambukizi jirani yake moja kwa moja. Lazima konokono awepo kati yao. Kwa hiyo, anayetaka kujua kwa nini kijiji kinaugua, na aulize nani anamlisha konokono, na nani alikuwa akimla.

Anayemlisha ni sisi. Tumelima mpaka ukingoni mwa mito. Mvua ikinyesha, udongo, samadi na mbolea ya chumvichumvi huteremka na mito kama Simiyu na Mara hadi ziwani. Miji nayo huongeza maji yake machafu. Mimea ya majini hunawiri kwa chakula hicho. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 magugu maji yameota ziwani humu, na wote tunakumbuka jinsi yalivyofunga mialo. Chini ya majani hayo konokono hupata chakula, kivuli na mahali pa kutagia.

Na waliokuwa wakimla? Wazee wanawakumbuka furu, jamii kubwa ya samaki wadogo ambao baadhi yao walikula konokono. Sangara, samaki mla samaki wenzake, aliletwa ziwani na wakoloni katika miaka ya 1950, akawala furu hao, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Kamongo, mlaji hodari wa konokono, huishi kwenye mafunjo na matete, nasi tunafyeka matete hayo ili tupande mpunga na mboga. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wataalamu wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wala konokono. Anayevua kwa kokoro ufukweni ajue kwamba wavu wake unafika mpaka zahanati.

Ushahidi mkubwa uko Senegal. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika kwenye Mto Senegal ili kuzuia maji ya chumvi na kustawisha kilimo. Lilizuia pia kamba wa mtoni, ambao hula konokono na huhitaji kushuka kwenye maji ya chumvi kuzaliana. Miaka michache tu baadaye mji wa Richard Toll ulikumbwa na kichocho kikali. Ila huko huko limepatikana pia jambo la kutia moyo. Katika utafiti uliochapishwa 2023, mimea iliondolewa kwenye sehemu za kuchotea maji katika baadhi ya vijiji. Konokono wakapungua, na maambukizi mapya kwa watoto yakashuka. Mimea ile ikageuzwa mboji na chakula cha mifugo.

Atasema mtu: maskini hawezi kungoja ziwa lipone, mpeni dawa. Naam, apewe, tena leo. Simwombi yeyote aache kumeza. Nasema kwamba magugu ya mwaloni yanaweza kuondolewa kwa mikono yetu na kurutubisha mashamba yetu, mradi waondoaji wavae buti na glavu na wapewe dawa baadaye. Choo kinaweza kuchimbwa mbali na maji. Na zile mita 60 za ukingoni, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikataza kwa shughuli zinazoharibu, tunaweza kuziachia matete yaote tena. Mwenye bustani pale ataumia, nami sitaki kulificha hilo. Halmashauri na impe eneo jingine kabla ya kumwondoa.

Wazee wa vijiji, katika mkutano mkuu ujao waiteni afisa uvuvi, afisa kilimo na mganga wa zahanati waketi pamoja mbele ya wananchi. Waulizeni ni lini mwalo utasafishwa, ili siku ya watoto kumeza dawa ipangwe mara baada ya hapo.