Mbele ya mwekezaji, tuseme mavuno ya mashamba yetu



Kuna kazi inayoingia katika kooperative zetu, na wengi hawajaizoea: kusimama mbele ya mwenye franga na kumuonyesha namna kitu kilichotoka kwa watafiti kinaweza kuwa biashara. Kazi hii siyo kuomba msaada. Mfadhili anauliza nani atasaidiwa. Mwekezaji anauliza franga zake zitarudi lini, na zitatoka wapi. Kama hazirudi, deni linabaki kwa wanamemba. Njo maana sisi ma-agronomu tunaotembea na kooperative tuna wazo moja la kuwapa: mbele ya mwekezaji, tusitaje mavuno ya kituo cha utafiti. Tutaje mavuno ya mashamba yetu.

Tuchukue mfano wa maharagi yenye madini mengi ya chuma. Kituo cha INERA Mulungu, hapa Kabare, kimefanya kazi hiyo pamoja na CIAT na HarvestPlus. Ni mbegu nzuri, na chakula chake kinafaa sana kwa wamama wenye mimba na watoto wadogo. Kooperative inaweza kupata mbegu ya msingi kwa watafiti, kuizalisha, na kuuza mbegu kwa wakulima wengine. Wazo hilo ni zuri, lakini tuangalie hesabu.

Tuseme karatasi ya utafiti inaonyesha kilo 1500 kwa hekta moja. Kule mistari imepimwa, mbolea imewekwa, palizi imefanyika kwa siku yake. Tuseme daftari la kooperative linaonyesha kilo 700. Kwa hekta 10, karatasi inasema kilo 15000, shamba linasema 7000. Tena siyo yote itakuwa mbegu. Wakati wa kuchambua, tukitoa sehemu moja kwa tano, mbegu inabaki kilo 5600. Zile zilizotolewa zitauzwa kwa bei ya chakula. Aliyekopa kwa hesabu ya 15000, atalipa deni kwa kitu gani?

Wengine wanasema: tukitaja namba ndogo, mwekezaji atakimbia. Tunaelewa woga huo. Lakini mtu anayeweka franga zake atatuma mtu kuangalia shamba, depo na daftari. Namba ndogo yenye daftari nyuma yake ina nguvu kuliko namba kubwa ya kuazima. Na tofauti kati ya 700 na 1500 siyo haya: hapo njo kuna kazi ambayo franga zake zinaweza kufanya. Tumuonyeshe: tukipata mbolea kwa wakati, sehemu safi ya kuanikia na depo isiyoingiza maji, tunatazamia kufika wapi sezoni ya kwanza, na ya tatu.

Kuna maulizo mengine ambayo lazima yapate jibu mbele ya siku ile.

La kwanza: nani atanunua? Madini ya chuma hayaonekani kwa macho. Mama anayenunua kwenye soko anaangalia rangi, anauliza kama yanaiva haraka na yana ladha gani. Tena haragi linajizalisha lenyewe: mkulima akinunua mbegu leo, anaweza kuweka yake kwa sezoni kadhaa mbele ya kurudi. Siyo kama mahindi ya ibridi. Basi tusihesabu mteja yuleyule kila sezoni A na kila sezoni B.

La pili: nani atasema kama ni mbegu? Mbegu inayouzwa kama mbegu inapaswa kupitia SENASEM, shamba liangaliwe na mbegu ipimwe. Safari hizo na vipimo hivyo vina bei. Viingie katika hesabu tangu mwanzo.

La tatu: mwekezaji atapata nini? Kongo imekuwa ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria yake ya kooperative inasema kila mwanamemba ana sauti moja, hata kama sehemu zake ni nyingi. Yeye akitaka kuamua peke yake bei au mteja, tumwambie mapema kwamba hilo haliwezekani. Anaweza kukopesha, anaweza kupatana nasi kununua mavuno. Lakini sauti ya wanamemba haiuzwi.

Na siku ya kusema, asisimame agronomu peke yake. Sisi tueleze mbegu. Mwenye kuweka hesabu aeleze daftari. Mama aliyepanda, akavuna na kuchambua, aeleze kazi yenyewe, katika luga anayoizoea. Dakika kumi zinatosha: shida ni nini, tuna nini, tumevuna ngapi, nani ananunua, tunahitaji ngapi, tutarudisha namna gani, na mvua ikikatika tutafanya nini.

Lakini mbele ya yote, maneno hayo yasemwe kwanza kwenye mkutano mkuu, chini ya mti kama hakuna sale. Wanamemba ndio watakaolipa; basi wao wawe wa kwanza kuuliza. Kama namba moja inawachekesha wanaolima, ifutwe palepale, kabla haijafika kwa mwenye franga.