Msizime mikro: watu wa ukumbini hawakukosa adabu

Ndugu na dada wa Butembo na Beni, vijana wenzetu,

Tangu juma lililopita simu zetu zimejaa maneno juu ya ile teatri ya nyimbo iliyochezwa katika ukumbi mmoja hapa Butembo. Kuko wanaosema vijana waliharibu mchezo wa watu. Kuko wanaosema mchezo wenyewe haukupaswa kuchezwa, juu watu wanakufa. Na kuko wale wanaotumiana video na kucheka tu. Sisi tulikuwa mle ndani. Tulilipa kiingilio kama kila mtu, tukabanana kwenye mabenchi kama kila mtu. Hatuhadithiwi.

Kwa wale ambao hawakufika, tueleze kwanza. Teatri ya nyimbo ni hii: watu wanachukua nyimbo ambazo kila mtu anazijua tayari, wanazishona pamoja kwa hadithi mpya. Ulaya na Marekani wanafanya hivyo tangu zamani. London walitunga Mamma Mia! mwaka 1999 kwa nyimbo za ABBA, na dunia nzima ikaenda kuangalia. Hapa kwetu, vijana walichukua nyimbo za inchi yetu, tangu African Jazz na wimbo wao wa uhuru wa 1960, wakapita kwa Franco, wakapita kwa Papa Wemba. Wakazifunga kwa hadithi ya mama mmoja muuza sokoni na radio yake. Kila kipindi cha maisha ya mama, wimbo wake.

Na tuseme ukweli: ilikuwa tamu. Wazee waliimba. Papa mmoja mwenye fimbo alisimama akacheza rumba peke yake kati ya mabenchi, watu wakampigia makofi kuliko wale wa jukwaani. Hakuna aliyemwambia akae. Hakuna aliyesema papa yule hana adabu. Mukumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa shida ilianzia wapi? Hadithi ilifika kwenye harusi ya binti wa yule mama, mwaka 2010. Wakacheza harusi vizuri. Halafu msimulizi akasema: « Na sasa, leo. » Leo ikaja na taa za rangi, vijana wamevaa vizuri, simu mkononi, wimbo wa mapenzi, mwisho.

Kutoka 2010 hadi leo, mruko mmoja. Katikati hakuna kitu. Hakuna Oktoba 2014, mwezi mauaji ya Beni yalipoanza. Hakuna Ebola. Hakuna wakimbizi wanaolala madarasani. Mama muuza sokoni wa Butembo, ambaye mihogo na mchele wake vinatoka mashamba ambayo watu wanaogopa kuyakanyaga, amepita miaka yote hiyo bila kuzika mtu hata mmoja.

Njo hapo sauti ilitoka mstari wa pili. Haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya mama, mtu mzima, kitambaa kichwani. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama vile mtu anauliza bei: « Na watoto wetu je? » Ukumbi ukanyamaza. Kisha nyuma kabisa mtu akaanza wimbo wa Idengo. Wa pili akaitika. Kufika mstari wa tatu wa wimbo, nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama.

Waandaaji wakazima mikro. Halafu sono yote. Halafu jenereta. Watu wakawasha tochi za simu, wakamaliza ule wimbo, wakaimba mwingine, wakatoka. Hakuna kiti kilichovunjika. Hakuna aliyetukanwa. Nje, motari walikuwa wanangoja kama siku zote.

Hiyo ndiyo « fujo » munayosikia.

Tunajibu wa kwanza, wale wa adabu. Papa aliyecheza rumba alikatiza mchezo sawasawa na mama aliyeuliza swali. Wote wawili walisimama bila kuitwa. Mmoja mulimshangilia, mwingine munamwita mharibifu. Tofauti yao si adabu. Tofauti ni kwamba rumba ya papa haiogopeshi mtu tena. Na hata hapo mumesahau: Franco huyo huyo munayemlilia leo alitiwa gerezani mwaka 1978, juu ya nyimbo ambazo wakubwa wa Mobutu waliziona za aibu. Siku hizo hakuwa « muziki mzuri wa zamani. » Alikuwa shida. Wimbo unaitwa wa zamani siku ile wakubwa wanaacha kuuogopa.

Idengo hajafika siku hiyo. Delphin Katembo Vinywasiki, Delcat Idengo, mtoto wa kwetu, aliimba kwa Kiswahili kile tunachokisema nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Alifungwa zaidi ya mara moja juu ya maneno yake. Alikuwa Munzenze hadi mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoanguka na gereza likabaki wazi. Alitoka, akatoa wimbo « Bunduki », na tarehe 13 Februari 2025 akapigwa risasi Goma, mji ukiwa mikononi mwa M23. Hadi leo hatujaona kesi wala muuaji mbele ya hakimu. Mtu huyo alikuwa na mashabiki Beni na Butembo kuliko mbunge yeyote. Ukitunga hadithi ya nyimbo za hapa kwetu na jina lake halimo, umetunga hadithi ya mji mwingine.

Watatuambia: teatri ni kwa kufurahisha, musilete siasa. Basi waangalie Fela! Huo ni mchezo wa namna hii hii, umejengwa kwa nyimbo za Fela Kuti. Ulichezwa Broadway, New York, tangu 2009, na mwaka 2011 ulipelekwa Lagos, mjini mwake. Watu walicheza, walitoka jasho. Lakini mchezo ule haukuruka mwaka 1977, wakati wanajeshi walipovamia nyumba yake na kumtupa mama yake dirishani. Jeneza liliingia jukwaani. Wamarekani waliolipa dola nyingi ili wafurahi walilitazama na lile jeneza. Kama New York iliweza kubeba msiba wa Lagos, Butembo inashindwaje kubeba msiba wa Beni, kilomita kama 54 kwa barabara?

Hapa tunataka kuwa wakweli kwa waandaaji. Hawako adui zetu. Wengine tumesoma nao. Tunajua kinachowafanya waruke miaka. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi; mtu anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi juu ya sentensi moja. Kupata ruhusa ya ukumbi ni kutembea ofisi hadi ofisi. Na juu ya hayo kuko ile tume ya taifa inayokagua nyimbo na michezo. Novemba 2021 ilifungia nyimbo za Bob Elvis, na « Nini to sali te » ya vijana wa MPR wa Kinshasa. Kwa hiyo mtu anapoketi kuandika orodha ya nyimbo, kabla afisa hajamkata, anajikata mwenyewe. Tunaelewa. Woga si dhambi.

Lakini kumbukeni ile Novemba iliishaje. Watu walipiga kelele, na wimbo wa MPR ukarudishwa upesi. Si kwa huruma ya tume. Ni juu watu waliokuwa wanausikiliza walikataa kunyamaza. Wasikilizaji njo ulinzi wa msanii. Usiku ule ukumbini, waandaaji walikuwa na ulinzi huo umesimama mbele yao, mamia ya watu, na wao wakauzimia jenereta. Kama kesho afisa angewauliza, wangeweza kusema: hatukuimba sisi, waliimba watu. Ni ukweli mtupu.

Sasa tunajibu wa pili, wale wanaosema si wakati wa kucheza na kuimba, juu ya damu inayomwagika. Hawa tunawaheshimu zaidi, juu wengi wao wamezika. Lakini tunawauliza: kwetu, mtu akifa tunafanya nini? Tunakesha. Tunaimba hadi asubuhi. Septemba 2025, kule Ntoyo, teritwari ya Lubero, ADF waliwakuta watu kwenye matanga, wakaua zaidi ya sitini. Waliokufa walikuwa wamekuja kumlilia mtu mwingine. Tukisema kuanzia leo hakuna kukusanyika, hakuna kuimba, hata kwa ajili ya wafu wetu, tutakuwa tumewamalizia wauaji kazi yao kwa mikono yetu. Kuimba hakukatazwi na msiba. Kinachotusi msiba ni kuimba kana kwamba haupo.

Na watu wa hapa wanajua kutumia jukwaa. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilituambia Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na inchi nzima, kisa Ebola na usalama. Tutapiga Machi 2019, wakati rais angekuwa ameshaapishwa. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walifanya nini? Walipanga mistari, wakanawa mikono, wakatumbukiza karatasi zao, wakahesabu. Kura isiyo na thamani kwa sheria, na kila mtu aliyekuwa kwenye mstari alijua hivyo. Ilikuwa teatri, na hakukuwa na watazamaji, wote walikuwa wachezaji. Watu wa namna hiyo, unawauzia tiketi, unawaambia wakae kimya, waangalie maisha yao yakirukwa?

Tumemaliza na wengine, tujigeukie sisi wenyewe.

Kwanza, kuko dada alikuwa anaimba jukwaani wakati wimbo wa nyuma ulipoanza. Alifanya mazoezi miezi. Alibaki amesimama na mikro iliyokufa mkononi, anatuangalia. Hakuchagua yeye orodha ya nyimbo. Dada, tunakuomba msamaha. Tungeweza kungoja umalize ubeti wako.

Pili, wengi wetu tuliimba Idengo mkono mmoja ukiwa hewani, wa pili ukifilm. Kufika saa nne za usiku video ilikuwa imezunguka hadi Kampala. Na kesho yake? Ni wangapi kati ya wale walioimba wamewahi kuandika barua hata moja kudai uchunguzi wa kifo chake? Tujibu kwa aibu kidogo. Kuimba gizani na tochi ni kuzuri, lakini muuaji wa mwanamuziki haogopi tochi za simu.

Tatu, tusimfanye Idengo mtakatifu. Kuko nyimbo zake ambazo ndani ya kundi letu tulizibishania, na kuko maneno ambayo sisi tusingeyasema. Sawa. Msanii hauawi juu watu hawakubaliani naye, na haondolewi katika hadithi ya mji juu ya hilo. Anajibiwa.

Kwa hiyo tunasema wazi:

1. Kwa waandaaji: rudisheni mchezo ule. Tutakuja tena, na tutalipa tena. Lakini wekeni miaka inayokosekana. Mama wa sokoni apitie 2014, apitie Ebola, apitie leo ya kweli. Kama munaogopa kuandika sehemu hiyo, achieni ukumbi nafasi ya nyimbo tatu, watu wenyewe waianzishe. Mikro ibaki wazi.

2. Kwa Beni: mchezo ufike Beni. Hadithi ya Kivu ya Kaskazini isiyochezwa Beni imekamilika nusu. Uchezwe mchana, watu warudi nyumbani kabla ya giza, na bei iwe ya mtu anayeishi kwa ukimbizi.

3. Kwa viongozi wa jimbo na wa miji yetu miwili: wimbo si silaha. Aliyeimba ukumbini asitafutwe nyumbani. Mukiwa na nguvu ya kutafuta watu, njia za mashambani munazijua.

4. Kwa sheria ya inchi: kifo cha Delcat Idengo kifunguliwe faili, hata kama leo Goma haifikiki. Mashahidi wanazeeka, wanahama, wanakufa. Maneno yao yaandikwe sasa.

5. Kwetu sisi: kila aliyeshika ile video aandike chini yake jina, tarehe na mji: Delcat Idengo, 13 Februari 2025, Goma. Isibaki video ya kuchekesha.

Na kwa mama wa mstari wa pili, ambaye hatujui jina lake na hatutalitafuta: umetusumbua, mama, na tunakushukuru. Uliuliza swali moja, wakazima umeme mzima. Siku mchezo utakaporudi, tutakuwekea kiti mbele. Na ukitaka kuuliza tena, uliza.

Vijana wa Butembo na Beni