Biashara ya Seva: Usile Kodi ya Mwenzako

Wahenga walisema biashara haigombi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu, sina ubavu wa kubishana na wahenga. Hata hivyo, nimeona biashara ikiwagombanisha watu mlangoni petu Kawangware, nami nikiwa ndani nimevaa sweta mpya ya shule. Sweta hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Muhula uliopita wenzangu wanne walisimama katika mkutano wa Chama wakatuambia wana wazo la likizo. Wanataka kufungua biashara ya kuuza nafasi za seva. Ati mtaji ni tarakilishi moja na kadi ya benki ya mzazi. Ati hakuna kubeba magunia, hakuna kuamka alfajiri, pesa zinaingia kwa M-Pesa mtu akiwa amelala. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na donge kooni. Sasa natoa kauli yangu: biashara hiyo ni ya halali na Nairobi inaihitaji, lakini mwenye kuifanya asipojua ni pesa zipi zake na ni zipi za wateja, ataumiza watu wengi kwa siku moja.

Kwanza tuelewane seva ni nini. Ni tarakilishi isiyozimwa, iliyowekwa katika jumba lenye umeme wa akiba na mitambo ya kuipoza, nayo huhifadhi tovuti na barua pepe za watu. Mashine moja kama hiyo ina nguvu nyingi kuliko anazohitaji fundi cherehani wa Uthiru. Kwa hiyo programu maalumu huigawa vipande, na kila kipande kikafanya kazi kama tarakilishi kamili yenye mlango wake na ufunguo wake. Kipande hicho ndicho wataalamu wanachokiita VPS. Wala si jambo la jana. Tangu miaka ya 1960 wahandisi wa IBM huko Marekani walikuwa wakiigawa tarakilishi moja ili watumiaji wengi waione kama ni mashine zao.

Kama bado hujaelewa, panda matatu ya 46 uende mjini, kisha utembee mpaka Luthuli Avenue. Ingia duka lolote kubwa. Utakuta si duka moja tena. Limekatwa kwa mbao na vioo likawa stoli kumi au zaidi: huyu anauza vifuniko vya simu, yule anatengeneza redio, mwingine ana saa. Mtu mmoja ndiye aliyekodi duka zima kutoka kwa mwenye jengo, naye anawakodishia hawa wadogo. Anayeuza nafasi za seva ni huyo mtu wa katikati. Anakodi mashine kutoka kampuni kubwa, tuseme Hetzner ya Ujerumani au DigitalOcean ya Marekani, anaigawa, anawakodishia watu wa kwetu.

Kuna wanaosema mtu wa katikati ni kupe, mbona mteja asijinunulie mwenyewe huko Ujerumani? Jibu ni rahisi. Mama yangu huuza nyanya na sukuma wiki Kawangware. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti akinunua kreti. Mbona jirani zetu hawaendi Marikiti wenyewe? Kwa sababu hawataki kreti, wanataka fungu moja, karibu na nyumbani, kwa mtu wanayemjua. Vivyo hivyo, mwenye shule ya chekechea huko Kangemi pengine hana kadi ya kulipia dola, lakini ana M-Pesa, ambayo tumekuwa nayo tangu 2007. Hajui kuandika amri za Linux. Akikwama anataka kumpigia mtu simu aseme kwa Kiswahili, "Kijana, tovuti yangu imepotea." Hata majina ya tovuti yanayoishia .ke, ambayo husimamiwa na KENIC, mwananchi huyanunua kwa wakala. Kazi ya katikati ni kazi, ikifanywa vizuri.

Sasa nije kwa kaka yangu. Ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje jina lake. Alikuwa na stoli katika ghorofa ya nne mjini, meza moja na viti viwili. Alikodi mashine ng'ambo kwa dola 40 kwa mwezi. Alikuwa na wateja 12, kila mmoja akilipa shilingi 9,000 kwa mwaka. Piga hesabu nami. Wateja 12 mara 9,000 ni shilingi 108,000. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 124, basi mashine ingemgharimu karibu shilingi 59,500 kwa mwaka. Kwenye karatasi kuna faida ya shilingi 48,500. Nani asingepiga makofi?

Tatizo la kwanza lilikuwa dola. Yeye alipokea shilingi mara moja kwa mwaka, akawa anadaiwa dola kila mwezi. Mwaka huo wa 2023 shilingi yetu iliteremka kama mtu anayeteleza matopeni, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Ankara ya dola 40 iliyokuwa shilingi 4,960 ikawa 6,400. Mashine ni ile ile, wateja ni wale wale, na bei aliyokwisha kuwatoza hawezi kuibadilisha katikati ya mwaka. Baadaye katika 2024 shilingi ilipata nguvu tena, lakini yeye alikuwa amekwisha kuzama.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa kuliko dola, nalo ni mimi. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, sisi tulio mkia wa 8-4-4. Nikaitwa kidato cha kwanza. Hata katika shule ya kutwa kuna sare, viatu, kamusi na pesa za chakula cha mchana. Biashara ya Mama ilikuwa mbaya wiki hizo. Kaka akaja na kila kitu ndani ya mfuko mmoja, sweta ikiwa juu. Mama alimwombea baraka mpaka akatokwa machozi. Hatukumwuliza pesa zimetoka wapi. Zilikuwa zimetoka kwa wateja watatu waliokuwa wamelipia mwaka mzima wa 2024, huku ankara za Desemba na Januari zikiwa hazijalipwa. Alijiambia, "Nitalipa wiki ijayo."

Mwenye jengo asipolipwa, anatia kufuli mlango wa mbele. Hapo hata yule mwenye stoli aliyelipa kodi yake yote anabaki nje. Ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa Januari mashine ilifungwa, na tovuti zote 12 zikapotea saa moja. Siku za kungojea zilipokwisha, kila kilichokuwamo kikafutwa. Kaka hakuwa na nakala ya akiba mahali pengine. Alikuwa na nakala, ndiyo, lakini aliiweka ndani ya mashine ile ile, kama mtu anayeficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba aliyoifunga.

Jioni moja mama mmoja mwenye chekechea alibisha mlango wetu. Alikuwa ameulizia mtaani mpaka akatupata. Kaka alijificha chumbani. Mama yangu akamkaribisha, "Karibu, mama. Kaa kitini." Yule mgeni hakukaa. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi:

"Mama, picha za watoto si hoja. Tutapiga zingine. Wazazi wananiuliza shule imefungwa ama vipi, na huyu kijana wetu nimempigia siku tisa. Mbona hashiki simu?"

Mama aliniangalia. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko na sweta yangu. Sidhani yule mgeni alijua, lakini mimi nilijua pale pale.

Usiku ule Mama hakupiga kelele. Alifungua aproni yake ya kazi akamwonyesha kaka mifuko miwili. "Mwanangu, huu wa kulia ni pesa za Marikiti. Huu wa kushoto ni pesa za ugali. Tukilala njaa, tunalala njaa, lakini wa kulia siugusi. Nikiugusa, kesho sina nyanya, na kesho kutwa sina wateja." Mama aliishia darasa la saba. Hajui seva. Lakini katika kijifunzo chote cha biashara nilichosoma tangu hapo, sijaona kinachoushinda mfuko wa kulia.

Kaka alizunguka kwa miguu, Kangemi, Uthiru, mpaka Dagoretti, mteja kwa mteja, akiomba msamaha. Wengine walimfukuza. Fundi cherehani alimpa picha za nguo zilizokuwa kwenye simu yake waanze upya. Alifunga stoli, akaenda kufanya kazi ya kuajiriwa, na mpaka leo anarudisha pesa kidogo kidogo. Ana wateja watano sasa. Pesa za mwaka zikiingia, anazitenga katika akaunti nyingine na kuchukua sehemu ya kumi na mbili tu mwezi ukiisha, kwa sababu ndiyo aliyoifanyia kazi. Nakala za akiba ziko kwa kampuni tofauti kabisa. Simu anaishika, hata kama jibu ni "sijui bado, nitakupigia saa nane."

Ndugu zangu wanne wa likizo, najua mtaniambia, "Huyo ni kaka yako, sisi tutakuwa makini." Sawa. Basi nijibuni haya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa kobe Kenya na Tanzania. Mashine yenu ikiwa Ulaya siku kama hiyo, mtamwambia mteja nini? Je, mnajua kwamba mashine iliyo hapa nchini, na inayopitia KIXP ambako kampuni za Nairobi hubadilishana mawasiliano ya ndani, haihitaji kuvuka bahari ili isomwe Kangemi? Mteja wenu mmoja akianza kutuma barua pepe za ulaghai, na wengine wote wanatumia anwani moja naye, barua za wote zitakataliwa. Nani atamfukuza? Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Na sisi tuna miaka kumi na sita. Kitambulisho hatuna. Mambo yakiharibika, atakayeitwa ni mzazi mwenye ile kadi.

Sisemi tukae bure mpaka tufike kumi na nane. La hasha! Ninawaomba walimu wetu watupe tarakilishi moja kuukuu kutoka maabara. Tuiwekee Linux, ambayo hailipiwi, tuigawe vyumba vinne. Chumba kimoja kihifadhi gazeti hili la Chama, kingine matokeo ya michezo, kingine maktaba. Kila kikundi kiwe mpangaji na kikundi kimoja kiwe mwenye stoli. Tukae nayo mwaka mzima. Tujifunze kutunza nakala, kurudisha kilichofutika, na kupokea malalamiko ya mtu aliyekasirika bila kujificha chumbani. Tukiiangusha, tutakaoumia ni sisi wenyewe, na hilo ni funzo la bei rahisi. Tukiweza, basi siku tukipata vitambulisho tutakuwa na kitu cha kumwonyesha mteja wa kwanza.

Sweta bado ninayo. Mikono imekuwa mifupi, Mama ananiambia niigawe, lakini ninaivaa. Kila nikiivaa nakumbuka kwamba kuna watoto wa chekechea waliopotewa na picha zao ili mimi nisipigwe na baridi ya Julai. Mwaka jana nilimwandikia yule mama barua ya kumwomba radhi. Alinijibu kwa mstari mmoja kwamba nisome kwa bidii, na kwamba kaka yangu siku hizi anashika simu.

Ni mmoja wa wale wateja watano. Akili ni mali, ndugu msomaji. Kalamu naiweka chini.