Kinachofungua Ua ni Usiku

Kuna neno linalozunguka kwa wanaolima maua, vitunguu na mbaazi: unyime mmea mwanga, utachanua. Nusu ya neno hilo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Mtu anauza mbuzi, ananunua turubai jeusi, anafunika matuta yake wiki mbili, kisha anaambulia mashina dhaifu, majani ya manjano na vitumba vilivyokauka kabla ya kufunguka. Anailaumu mbegu, au anamlaumu aliyemwuzia. Madai yaliyomfikisha hapo yanajulikana, na kila moja lina jibu lake.

“Mmea huchanua kwa kuwa mchana umefupishwa.”

Hili ndilo dai kongwe, na asili yake ni ya heshima. Mwaka 1918, katika shamba la majaribio la Arlington, Virginia, Wightman Garner na Harry Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakihangaika na tumbaku aina ya Maryland Mammoth. Shambani ilirefuka kumpita mtu bila kutoa ua hata moja mpaka baridi ikaiua, lakini ikihifadhiwa ndani wakati wa baridi ilichanua. Julai mwaka huo wakaanza kuingiza vyungu vya tumbaku na sanduku la soya katika kibanda chenye giza saa 10 alasiri na kuvitoa saa 3 asubuhi. Mimea ya kibandani ikachanua. Iliyoachwa nje ikaendelea kurefuka. Walipochapisha matokeo yao mwaka 1920, wengi waliosoma walibaki na wazo kwamba mmea unapima urefu wa mchana.

Jibu lilikuja mwaka 1938. Karl Hamner na James Bonner walichukua gugu liitwalo Xanthium wakalijaribu kwa pande mbili. Walipoukatiza mchana kwa giza, hakuna kilichobadilika. Walipoukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi tu, gugu likakataa kuchanua. Kinachohesabiwa, basi, ni usiku, tena usiku mzima usiotobolewa. Mkulima anayefunika mimea yake saa 6 mchana na kuifunua saa 9 ameinyima chakula, na hesabu ya usiku haijasogea hata dakika moja. Pazia lina kazi pale tu linapoungana na giza la usiku, jioni au alfajiri.

“Habari hizi ni za nchi zenye majira manne. Sisi tulio ikweta usiku na mchana ni sawasawa, hazituhusu.”

Dai hili linaniudhi kuliko mengine, kwa sababu limeugeuza ukweli juu chini. Krisanthemamu huanza kutunga maua usiku ukizidi saa 10 na nusu hivi. Naivasha, chini kidogo ya mstari wa ikweta, usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Maana yake, kila usiku wa Naivasha, wa Arusha au wa kando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda unaiamrisha krisanthemamu ichanue. Chomeka kipandikizi leo bila kufanya lolote, kitatunga maua kingali kifupi mno kuuzika.

Mholanzi ana shida iliyo kinyume. Mwezi Juni mchana wa Amsterdam unakaribia saa 17, hivyo asipovuta pazia jeusi juu ya vitalu vyake krisanthemamu hukaa kwenye majani tu. Huko pazia, huku taa. Mashamba ya kwetu yanayokuza vipandikizi vya kupeleka Ulaya huwasha taa katikati ya usiku ili mmea uhesabu vipande viwili vifupi vya usiku badala ya usiku mmoja mrefu, na uendelee kutoa machipukizi. Saa 4 hivi za mwanga zinatosha, tena si lazima taa ziwake mfululizo: dakika 10 katika kila nusu saa hufanya kazi ileile kwa theluthi moja ya umeme. Anayetaka maua anazima taa, na usiku wa ikweta unamaliza kazi bila malipo. Kwa hiyo mtu wa Moshi au Nakuru anayenunua pazia jeusi kwa ajili ya krisanthemamu amenunua dawa ya ugonjwa asioumwa. Hatari yake ni nyingine kabisa: umeme ukikatika usiku kadhaa mfululizo, vitumba vinajitokeza kabla ya wakati na mimea mama inaharibika. Jenereta ndiyo ya kununua.

Tena si kweli kwamba usiku wetu haubadiliki popote. Dar es Salaam mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa dakika zisizopungua 45, na Songea tofauti inazidi saa nzima. Mimea inaitambua. Mbaazi za Lindi na Mtwara zikipandwa na mvua za mwanzo hurefuka kumpita mtu, kisha hutoa maua katikati ya mwaka, usiku unaporefuka na hewa inapopoa. Ukichelewa kupanda, zinachanua zikiwa fupi na mavuno yanapungua. Wakulima wa kusini wanalijua hili vizuri, ingawa si wote wanaotaja usiku kuwa sababu.

“Taa kidogo haidhuru. Giza ni giza tu.”

Ndani ya jani mna rangi iitwayo fitokromu. Huko Beltsville, Maryland, mwaka 1952, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walionyesha kwa mbegu za saladi kwamba mwanga mwekundu huamsha mbegu, na mwekundu wa mbali, ambao jicho la mtu huuona kwa shida, huirudisha usingizini. Ukibadilishana hivyo mara nyingi, mwanga wa mwisho ndio unaoamua. Rangi hiyohiyo ndiyo inayoujulisha mmea kama usiku umekatizwa, na haihitaji mwanga mwingi. Jua la adhuhuri lina luksi 100,000 hivi. Wakulima wa krisanthemamu huzuia maua kwa luksi 100 tu.

Basi taa ya mlinzi iliyofungwa ukutani si jambo dogo, wala taa ya barabarani. Mwaka 1936 mtafiti wa mimea E. B. Matzke aliandika jinsi miti ya jiji la New York ilivyochelewa kupukutisha majani upande ulioelekea taa za barabarani. Huko Illinois, soya iliyopandwa karibu na taa za barabara kuu hubaki kijani wakati shamba zima limekwisha kukauka. Mwezi, kwa upande mwingine, hauna hatia. Mbalamwezi kali kabisa haifiki hata luksi moja, na krisanthemamu haiijali. Wanaofunika matuta kwa kuogopa mwezi mpevu wapumzike.

Kwa aliye na haja ya pazia kweli, mathalani msomaji wetu anayelima maua Ulaya au Amerika ya Kaskazini, kuna jaribio lisilohitaji chombo. Ingia chini ya pazia saa 6 mchana, jua likiwa kali, simama bila kuwasha simu mpaka macho yazoee giza. Baada ya dakika 10 utaanza kuona usichokiona mwanzoni: matundu ya sindano kwenye mshono, mstari mweupe pale pazia lisipogusa ardhi, upenyo kandokando ya mlango. Tia alama kila mahali kwa chaki, toka nje, ziba, kisha rudi ndani ukague upya.

“Funika siku chache tu. Mmea ukishaanza hautarudi nyuma.”

Kwa gugu la Xanthium dai hili lina ukweli, maana usiku mmoja mrefu unalitosha. Krisanthemamu haiko hivyo. Inataka usiku mrefu kila siku mpaka vitumba vionyeshe rangi, na aina nyingi za biashara huchukua wiki 7 hadi 10 tangu usiku mrefu uanze hadi kuchanua. Kila usiku unaorukwa unachelewesha, na ukirukwa mara nyingi ua linaumbika vibaya.

Kosa la pili hapa ni joto. Pazia jeusi likivutwa saa 10 alasiri, jua bado linachoma, na hewa ya chini yake inapanda haraka. Joto la usiku likizidi nyuzi 30, krisanthemamu husimama hata kama giza ni kamili. Afadhali uchelewe kufunika jioni na uchelewe kufunua asubuhi, na pazia lenyewe liwe jeupe upande wa nje.

“Mmea huchanua kwa hofu. Ukiutesa unadhani unakufa, unaharakisha kuzaa.”

Ipo mimea inayochanua kwa dhiki, lakini krisanthemamu inayopewa usiku mrefu haina dhiki yoyote. Inatii ujumbe. Miaka ya 1930 Mikhail Chailakhyan, mtafiti wa Urusi ya Kisovieti, aliondoa majani ya juu kwenye krisanthemamu, akayafunika ya chini ili yapate usiku mrefu huku ncha ya juu ikiachwa kwenye mwanga mrefu. Ncha ikachanua. Akahitimisha kwamba jani ndilo linalopima usiku, kisha linatuma kitu fulani juu, akakiita florijeni. Ilichukua miaka 70 kukithibitisha: mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba protini iitwayo FT inatengenezwa katika jani na kusafiri hadi kwenye ncha. Kwa hiyo anayefunika vichwa vya mimea kwa mifuko na kuacha majani nje anajisumbua, na anayekata maji au kuparua mizizi ili kuutisha mmea anapunguza tu chakula ambacho ua lingekula.

Hapa ndipo watu huitaja bangi kuwa ushahidi wa nguvu ya giza. Bangi ina historia kubwa katika elimu hii kuliko wanavyodhani: Julien Tournois aliifanyia majaribio Paris, pamoja na hopsi, na alikaribia kugundua siri ya usiku kabla ya Garner na Allard, ila vita vya 1914 vikamwua. Aliona kwamba bangi iliyopewa mwanga wa saa chache kila siku ilichanua ingali ndogo sana. Kaskazini mwa California, ambako sheria ya jimbo inaruhusu kilimo hicho kwa leseni, wakulima huvuta pazia juu ya mabanda ya nje majira ya kiangazi ili wavune kabla ya mvua na ukungu wa vuli. Wanachonunua ni muda, na bei yake ni ukubwa wa mmea, kwa kuwa mmea uliochanuzwa mapema ni mdogo. Pazia haliongezi mavuno ya mmea mmoja. Kwetu Tanzania na Kenya kilimo hicho kimekatazwa, nami nimekitaja kwa sababu kinavunja dai lilelile kinaloitiwa ushahidi.

“Kinachofaa kwa mmea mmoja kinafaa kwa yote.”

Nyanya haijali urefu wa usiku. Waridi, ambalo ndilo ua kuu la Naivasha, halijali pia, hivyo pazia juu yake ni hasara tupu. Mwembe hutazama zaidi ubaridi na ukavu.

Kitunguu ndicho kinachowaumiza watu wetu zaidi, nacho hata si suala la ua. Ili kifanye tunguu, kinataka mchana wa urefu fulani. Aina zilizozalishwa kwa ajili ya Ulaya ya kaskazini husubiri mchana wa saa 14 hadi 16, ambao hautafika Mang'ola wala Ruaha Mbuyuni hata kitunguu kingekaa ardhini miaka. Mkulima anapata majani mazuri, shingo nene na tunguu lisilojaa, anaongeza mbolea, anapata majani mazuri zaidi. Red Creole na Bombay Red zimeenea kwetu kwa sababu saa 12 zinazitosha. Pakiti yenye picha nzuri na jina la nchi ya mbali haimwambii mnunuzi habari hiyo.

Kwa hiyo msomaji, kabla ya kutoa fedha yako kwa mbegu, kipandikizi, taa au pazia, muulize muuzaji maswali mawili: mmea huu unataka usiku wa saa ngapi, na usiku wa kwangu una saa ngapi? Asipoweza kujibu, rudisha pochi mfukoni na umtafute bwana shamba anayeweza.