Ardhi ya Shule na Bustani ni Amana ya Diwani

Kila baada ya miaka mitano raia wa Tanzania humchagua diwani wa kata yao siku ile ile wanayowachagua Rais na Mbunge, na kwa kuwa macho ya watu siku hiyo huwa yameelekea kwenye majina makubwa na ahadi kubwa, karatasi ya diwani aghalabu hutiwa alama kwa haraka na kusahauliwa kwa haraka zaidi. Hali hii inasikitisha, kwa sababu katika hao watatu hakuna ambaye kazi yake i karibu na mlango wa mwananchi kuliko diwani: darasa anamosoma mtoto, uwanja anaochezea, mti anaopumzikia mzee na mtaro unaopitisha maji ya masika, vyote vimo katika mambo ambayo diwani ana sauti juu yake. Kwa maoni yangu, pimo la haki la diwani wa mjini si idadi ya mawe ya msingi yaliyochongwa jina lake, bali ni ardhi ya umma aliyoikuta siku alipokula kiapo na akaiacha salama mikononi mwa umma siku alipoondoka.

Haifai kuyadhania mabaraza ya madiwani kuwa kitu kilichokuwapo tangu jadi na kitakachokuwapo daima. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na miji na kuyakabidhi madaraka yake kwa maofisa wa mikoa na wilaya, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani; na haikupita miaka mingi, huduma za miji zilipozorota, ikadhihirika kwamba ofisa wa kuteuliwa, ajapokuwa mwadilifu kiasi gani, hawezi kushika mahala pa mtu anayewajibika kwa jirani zake. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, sheria za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikafufuliwa mwaka 1984, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, kwa insafu ya kiongozi asiyeogopa ukweli, alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya lau angepewa kuanza upya. Dar es Salaam ilionja tena hali hiyo mwaka 1996, baraza lake lilipovunjwa na jiji likawekwa chini ya Tume hadi mwaka 2000. Kiti ambacho taifa limekipoteza na kukirudisha kwa gharama kubwa namna hiyo hakistahili kukaliwa na mtu anayekihesabu kuwa ngazi ya kupandia kwingine.

Ni kweli kwamba diwani haajiri walimu, hapangi mitaala wala hatii saini katika hundi ya halmashauri. Alicho nacho ni uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambamo wenyeviti wa mitaa huketi pamoja na mtendaji wa kata aliye katibu wao. Ana kura katika Baraza la Madiwani. Na huweza kuwa na nafasi katika kamati za kudumu, mojawapo ikiwa ile ya mipango miji na mazingira, ambako hujadiliwa habari za ramani na maombi ya kubadili matumizi ya viwanja. Asiyeijua kazi hii huyaona madaraka haya kuwa madogo, ilhali ndiyo hasa yanayoamua mambo, kwa sababu shule inayopoteza uwanja wake huupoteza kwanza mezani, katika karatasi iliyosomwa harakaharaka mwishoni mwa kikao kirefu, na malori ya mchanga huja baadaye kutimiza tu kilichokwisha kukubaliwa.

Ipo shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam, nisiyopenda kuitaja kwa jina kwa kuwa nyingine nyingi zinafanana nayo, ambayo upande wake unaopakana na barabara umezungushiwa fremu za maduka: saluni, duka la vifaa vya simu, wakala wa fedha, fundi cherehani. Milango ya fremu hizo imeielekea barabara, na migongo yake imeyaelekea madirisha ya darasa la kwanza, hata upepo uliokuwa ukiingia kutoka huko umezibwa. Wakati wa mapumziko watoto hujikusanya chini ya mwarobaini mmoja uliosalia, mikononi wameshika mihogo ya kukaanga iliyofungwa katika kipande cha gazeti, na wavulana hucheza chandimu katika ujia mwembamba kati ya ukuta wa fremu na ukuta wa choo, magoli yao yakiwa matofali mawili mawili. Nimeelezwa kwamba fremu zilijengwa ili kodi yake inunue chaki na kumlipa mlinzi, na sina sababu ya kuishuku nia hiyo; lakini mtoto aliyeingia hapo mwaka huu hatajua kamwe kwamba shule yake iliwahi kuwa na uwanja wa mpira.

Insafu yataka tukiri kwamba shinikizo lililoko juu ya ardhi ya shule ni kubwa. Ada ilipoondolewa katika shule za msingi mwanzoni mwa karne hii, kisha elimu bila malipo ikafikishwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walikuja shuleni, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Wakati huohuo Mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, yaani watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi ilhali ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Diwani anayeombwa madarasa mapya na wazazi wenye haki ya kuyaomba huutazama uwanja wa michezo na kuuona mtupu, akasahau kwamba utupu huo ndio manufaa yake.

Hapo ndipo habari ya shule na habari ya bustani zinapokutana na kuwa jambo moja. Katika mitaa yetu mingi uwanja wa shule ndio mahala pekee pa wazi palipobaki, ambapo mvua hupata udongo wa kuinywa, vijana hupata pa kufanyia mazoezi jioni, na wakazi hupata kivuli cha kufanyia mkutano wa mtaa. Mji huu umejifunza kwa machungu, katika mafuriko ya Desemba 2011 na mengine yaliyofuata katika Bonde la Msimbazi, kwamba ardhi iliyofunikwa yote kwa saruji na mabati huyarudisha maji majumbani mwa watu. Tena viwanja vya wazi hubeba hatima ya watu kwa namna ambayo mpimaji ardhi hawezi kuitabiri: Mnazi Mmoja, ambapo utawala wa Waingereza ulipaacha wazi ili pawe mpaka kati ya makazi ya Wahindi na makazi ya Waafrika ya Kariakoo, pamekuwa mahala pa watu wote kukusanyika, na leo mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama papo hapo.

Diwani hawezi kuilinda amana hii peke yake, wala hatakiwi kujaribu. Jirani zetu wa Nairobi wanayo mafunzo mawili yanayotuhusu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, akatukanwa na wakubwa bungeni, lakini barua zake na ushupavu wa wenzake vililifanya jumba hilo lisijengwe. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, waliporudi shuleni na kuukuta uwanja wao umezungushiwa ukuta, waliuangusha ukuta huo pamoja na watu wazima waliowaunga mkono, wakapigwa mabomu ya machozi wangali katika sare za shule. Baada ya fedheha hiyo Serikali ya Kenya iliurudisha uwanja na kuamuru shule za umma zipatiwe hati miliki. Napenda kuuliza: kwa nini hati ije baada ya watoto kulia? Mwakilishi aliyefanya kazi yake mapema angaliipata kwa barua na vikao.

Watakuwapo watakaosema kwamba mji maskini hauna anasa ya kuacha ardhi bure, na kwamba soko au maduka huleta mapato ya kuendeshea hizo shule zenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kujenga kwenda juu, kama zilivyokwisha kujengwa shule za ghorofa papa hapa Dar es Salaam, ili madarasa yaongezeke na uwanja ubaki. Ama kodi ya fremu, hiyo ni fedha ya mwezi inayolipiwa kwa mali ya vizazi, na mlezi yeyote wa yatima angelaumiwa kwa biashara ya namna hiyo.

Basi diwani anayetaka kukumbukwa kwa wema na aanze na mambo yaliyo katika uwezo wake. Na aitembelee kila shule na kila kiwanja cha wazi katika kata yake pamoja na mpimaji wa halmashauri, vigingi vya mipaka vionekane, na pasipo na hati iombwe. Ombi lolote la kubadili matumizi ya ardhi ya umma na lisomwe katika mkutano mkuu wa mtaa unaohusika kabla halijafika kwenye kamati, kwa lugha ambayo mama muuza mihogo ataifahamu, kisha maoni ya wakazi yaandikwe katika muhtasari na diwani ayatetee barazani ijapokuwa wenzake wa chama wameelekea kwingine. Wakazi wakianzisha kampeni ya kuokoa uwanja au kupanda miti, na asiwahesabu kuwa wapinzani. Na hiyo miti inayopandwa kwa picha kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, na ipewe mtu wa kuimwagilia hadi Juni nyingine.

Nasi wapiga kura tunao wajibu wetu. Atakapokuja mgombea kuomba kiti hiki, tusimwulize atatujengea nini kabla ya kumwuliza kama anaijua mipaka ya shule zetu, kama atatusomea karatasi zinazoihusu ardhi ya shule hizo, na atapiga kura gani siku itakapoletwa ya kuiuza. Asiyeweza kujibu hayo, kura yetu tusimpe.