Hapana Kitovu

Wako watu, na baadhi yao hushika chaki mbele ya wanafunzi, wasemao kuwa ulimwengu ulianza kama fataki iliyopasuka gizani, na kuwa galaksi ni vipande vilivyorushwa na mshindo huo. Picha hiyo ni nyepesi kuchora ubaoni, na wepesi wake ndio umpotoshao mchoraji.

Haikanushiki kuwa galaksi hutuacha. Vesto Slipher alianza mwaka 1912 kupima nuru yake, akaona kuwa nuru ya galaksi nyingi imevutika kuelekea wekundu. Na mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kuwa iliyo mbali mara mbili hutuacha kwa kasi mara mbili. Nakiri kuwa vipande vya fataki navyo huweza kupangika hivyo, vya kasi vikatangulia. Lakini fataki ina kitovu na ina ukingo. Aliye karibu na ukingo huona vipande tele upande mmoja, na upande wa pili giza tupu. Sisi tutazamapo mbali huona galaksi zimetapakaa sawasawa pande zote; na mawimbi hafifu ya redio yaliyotangazwa na Arno Penzias na Robert Wilson mwaka 1965 hutujia kwa nguvu karibu moja kutoka kila pembe ya mbingu. Mtetezi wa fataki hana budi kutuketisha kitovuni hasa. Kwa cheo gani? Copernicus alikwisha kutuondoa katika kiti hicho mwaka 1543.

Alexander Friedmann mwaka 1922, na padri Georges Lemaître wa Ubelgiji mwaka 1927, walizifuata hesabu za Einstein zikawafikisha penye neno jingine: anga yenyewe hutanuka. Tazama donge la unga lililotiwa hamira na zabibu kavu. Likiumuka, kila zabibu huachana na nyingine zote, wala hapana hata moja iliyopiga hatua. Donge lina ukingo, najua. Anga haihitaji kuwa nao.

Wengine husema nuru huchoka njiani, kama alivyodhani Fritz Zwicky mwaka 1929. Uchovu huenda ungeifanya nuru kuwa nyekundu, lakini usingeweza kurefusha muda. Nyota zilipukazo katika galaksi za mbali huonekana zikififia polepole kuliko za karibu, na muda wake umerefuka kwa kadiri ile ile mawimbi ya nuru yake yalivyorefuka. Anga itanukayo hutimiza yote mawili kwa tendo moja.

Mwanafunzi mkaidi atauliza: basi mbona dawati langu halitanuki? Ni swali bora kuliko majibu ya walimu wengi. Dawati limeshikwa na nguvu za chembe zake. Na uvutano nao huzishika galaksi zilizo jirani, hata Andromeda, badala ya kutuacha, inatujia kwa kasi ya kilomita 110 hivi kila sekunde.