Bibi Harusi Hakulipia "Roho ya Lenzi"

Kuna staa mmoja wa kamera hapa Dar ambaye kila Ijumaa jioni anaposti lenzi. Siyo picha, lenzi. Anaiweka juu ya meza ya mbao, pembeni kikombe cha kahawa, mwanga wa dirishani unaipiga ubavuni, halafu chini anaandika kwamba hiyo ndiyo kipenzi chake. Wiki iliyopita kipenzi kilikuwa kingine. Mwezi huu peke yake vipenzi vimefika vinne na tarehe bado ipo. Wafuasi wanamwaga mioyo, madogo wanaotaka kuingia kwenye fani wanauliza bei, na yeye anajibu maneno mawili tu: "Njoo pembeni."

Mtu kupenda vitu vya zamani siyo dhambi. Shida imeanza pale vipenzi vyake vilipoingia kwenye kazi za watu.

Mwishoni mwa mwaka jana jamaa alipiga harusi moja Mbezi Beach. Bibi harusi alimtaka yeye na si mwingine, kwa sababu ya ule mwonekano wa filamu unaojaa kwenye ukurasa wake. Kamati ilinung'unikia bei, ikalipa. Bibi mzaa mama, mzee wa miaka 80 na ushee, aliletwa kutoka Lushoto akakalishwa meza ya mbele. Staa akatokea na kamera yake ya renjifainda ya dijitali, Leica M9, na lenzi moja tu: Canon ya milimita 50 yenye uwazi wa f/0.95, ile ambayo wapenzi wa lenzi duniani wanaiita lenzi ya ndoto. Usiku mzima akaitumia ikiwa wazi mpaka mwisho.

Picha zilipotoka, ile ya bibi akimshika mjukuu wake shavu ilikuwa na ua la kwenye nywele za bibi harusi limetoka safi, unyuzi mmoja mmoja unahesabika. Uso wa bibi ulikuwa ukungu. Picha zenye bibi zilikuwa tatu, zote za namna hiyo. Dada wa watu akaandika kwa upole: "Kaka samahani, hamna nyingine ambayo sura ya bibi inaonekana vizuri?" Akajibiwa: "Dada yangu, hiyo ndiyo roho ya lenzi. Picha kali kila mtu anazo kwenye simu."

Bibi alifariki mwezi wa tatu. Msibani familia iliweka mezani picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake.

Hilo neno "roho" sasa limekuwa blanketi la kufunika kila kitu mjini. Lenzi ina fangasi, eti roho. Vioo vya ndani vimeota ukungu, roho. Picha haijashika fokasi, roho tena. Yaani hakuna kilema kinachoweza kumshinda mwenye mali, mradi lenzi iwe ya zamani na jina lake lisikike vizuri.

Wenye kuzijua kamera hizi wanajua kilichotokea Mbezi hakina uhusiano wowote na roho. Kwenye renjifainda jicho la mpiga picha halipiti ndani ya lenzi. Linapita kwenye kidirisha cha pembeni. Katikati ya kidirisha hicho kuna kiraka kidogo chenye taswira mbili, mpiga picha anazungusha lenzi mpaka zikutane, zikikutana basi anaambiwa fokasi imeshika. Anayeambiwa hivyo anaambiwa na chuma, siyo na picha: nyuma ya lenzi kuna ukingo unaosukuma kijigurudumu ndani ya kamera. Ukingo ukiwa umekosea kidogo tu, dirishani mambo yanaonekana safi na kwenye picha mambo yameharibika. Mpiga picha hana habari.

Sasa hiyo Canon ilitoka mwaka 1961 kwa ajili ya kamera ya Canon 7, na mdomo wake siyo wa Leica. Nyingi zinazovaa kamera za Leica leo zimepita mikononi mwa fundi aliyezigeuza mdomo, kwa hiyo mbili za aina moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, kutegemea nani alizishika. Mtu akiwa mita moja kutoka kwa anayempiga, na lenzi ipo f/0.95, eneo linaloshika fokasi ni kama sentimita mbili tu. Sentimita mbili! Hapo bibi akitabasamu na kusogeza kichwa, imekwisha. Leica walianza kuweka kwenye kamera zao za M uwezo wa kuona kwenye skrini kile kinachoonwa na lenzi yenyewe kwa toleo walilolitangaza mwaka 2012. M9 ni ya 2009, haina kitu hicho. Staa aliichagua kwa sababu rangi zake zinasifiwa kufanana na filamu. Sawa, lakini anayechagua kufanya kazi gizani atafute angalau kibiriti: rula, meza, na saa moja nyumbani kabla ya kushika hela ya mtu.

Watetezi wake wana hoja mbili. Ya kwanza wanasema ukumbi ulikuwa na giza, bila f/0.95 asingepata kitu. Aliyewahi kuingia kwenye harusi ya Dar anajua kichekesho cha hoja hiyo. Wale vijana wa video huwa na taa zinazomfanya bibi harusi afumbe macho. Meza ya mbele ilikuwa inawaka kama uwanja wa mpira usiku. Angefunga lenzi mpaka f/2.8 kwa picha moja tu ya akiba, bibi angekuwa na sura.

Ya pili ni sanaa. Hii ina uzito kidogo, maana ni kweli picha siyo lazima iwe kali. Lakini kuna ukungu mtu alioutaka na kuna ukungu uliomtokea. Anayeutaka anajua utaangukia wapi, anaweza kuurudia kesho, na anamwonyesha mteja kabla ya kupokea malipo. Ukungu wa Mbezi uliangukia pale ulipopenda wenyewe.

Mjini humu humu kuna kijana mwingine, huyu hana wafuasi wa kutisha. Anapiga Kariakoo asubuhi maduka yanapofunguliwa, anapiga Feri samaki wakishuka. Naye ana renjifainda ya dijitali, ya mkono wa pili au wa tatu, na lenzi yake ni Jupiter-8, milimita 50, f/2, ya Kisovieti. Ni lenzi ya aluminiamu, nyepesi, ya bei ya chini mno ukiilinganisha na za Kijerumani. Asili yake, hata hivyo, ni ya heshima: inatokana na Sonnar ya Zeiss, kazi ya Ludwig Bertele ya miaka ya 1930, ambayo Wasovieti waliichukua Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia pamoja na mitambo. Inafungwa kwa uzi wa milimita 39, hivyo adapta nyembamba tu inatosha kuiingiza kwenye mdomo wa Leica M.

Ilipofika, haikushika fokasi. Hilo linajulikana kwa lenzi hizi, kwa sababu kipimo cha Wasovieti na kipimo cha Leica havilingani sawasawa, na tofauti inajitokeza hasa mtu akiwa karibu na lenzi ikiwa wazi. Kijana hakuposti chochote. Aliweka rula ya shule mezani kwa mlalo, akapiga kwa f/2, f/2.8, f/4, akaandika kwenye daftari. Fundi mmoja akamsaidia kuongeza pete nyembamba ndani ili vioo visogee kidogo. Wakarudi kwenye rula. Ilichukua wiki kadhaa za kurudiarudia. Leo ukimwuliza kuhusu lenzi yake atakwambia inakosea wapi kabla hajakwambia inapendeza wapi: akiwa karibu hapigi kwa f/2, na jua likiwa mbele anaikinga kwa mkono kwa sababu mwanga unamwagika ndani na picha inageuka maziwa.

Uzuri wake naye anao kwa ushahidi. Jua la saa sita la Dar halina huruma. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, lenzi ya kisasa inamkata vipande viwili, kanzu inaungua na uso unazama. Lenzi ya zamani, yenye mipako hafifu kwenye vioo, inatawanya mwanga kidogo na kuinua vivuli, uso unapata pumzi. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuipenda lenzi ya zamani kwenye pwani hii, na staa wa Ijumaa hajawahi kuigusa hata siku moja, labda kwa kuwa kikombe chake cha kahawa hakivai kanzu.

Badala yake juzi kaweka video akiwa na Elmar ya kuchomoa, anaivuta na kuirudisha ndani ya kamera, tap, tap, kwa mdundo wa muziki. Kitabu cha maelekezo cha M9 kinasema lenzi za namna hiyo zisirudishwe ndani ya kamera. Madogo wameshaanza kuigiza.

Na hao madogo ndio wanaoumia zaidi. Lenzi moja ya hizo anazosifia inakula hela ya bodaboda mpya na zaidi. Kuna anayekopa. Ikifika, anaifungia kwenye mfuko wake wa ngozi, kabatini, gizani, kwenye unyevu wa Dar, mazingira ambayo fangasi hata hawakuomba. Baada ya masika kunakuwa na nyuzi kama za buibui kwenye kioo. Fangasi wanakula mipako, na wakishaila hata fundi akiwaondoa alama inabaki. Boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana na vile vipakti vya kunyonya unyevu vingemwokoa, ni vitu vya bei ya chipsi mayai. Ila hakuna anayepata mioyo kwa kuposti boksi la plastiki.

Wanapenda pia kumtaja Henri Cartier-Bresson, kila aliyenunua renjifainda anamtaja. Yule mzee wa Kifaransa alipiga sehemu kubwa ya kazi zake kwa milimita 50, miaka nenda miaka rudi. Hakuwa na kipenzi cha wiki.

Bibi harusi bado hajapata jibu la pili. Aliomba picha zote zilizopigwa usiku ule, hata zilizotupwa, akitumaini kuna moja ambayo bahati ilimwangukia bibi. Ujumbe umesomwa. Ijumaa iliyopita ile Canon ikatokea tena mezani, kikombe pembeni, mwanga wa dirishani. Safari hii inauzwa. Chini kaandika: "Haina tatizo lolote. Imefanya kazi za maana. Njoo pembeni."